Ondieki Nje ya Dirisha

Mwaka 1974, nikiwa mwanafunzi mzee kuliko wote katika darasa langu la chuo kikuu, niliandika insha ndefu kuhusu ushirikiano wa walimu na wazazi. Katika ukurasa wake wa tisa nilisema kwamba akina baba wa upande wa Gesima, huko Kisii, hawakujali masomo ya watoto wao. Ushahidi wangu ulikuwa mtu mmoja. Sikumtaja jina, nilimwita "mzazi fulani" ambaye kwa miezi minne alisimama nje ya nyumba waliyosomea watoto, akinyeshewa, wala asikubali kuingia. Insha ilipata alama nzuri. Mtu yule alikuwa Jethro Ondieki, na niliyoyaandika juu yake hayakuwa kweli. Najaribu sasa kumwandika upya, ingawa sina hakika kwamba ninamwelewa hata leo.

Ondieki alizaliwa muda mfupi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ujana wake aliumalizia Kericho, akichuma chai katika mashamba ya Wazungu kwa miaka kumi na mmoja, wakati ambapo mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kuwa na mche hata mmoja uani kwake. Ruhusa ilipokuja alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda chai katika mteremko wao. Alipanda kwa kamba yenye mafundo, fundo kwa kila hatua, na mistari yake ilinyooka hata maofisa wa kilimo wakawa wanawaleta wakulima wengine kuitazama. Alikuwa Msabato. Jumamosi hakugusa jani, hata kama chai ilikuwa imekomaa na kesho yake ingekataliwa mizanini. Shule hakwenda, ila Biblia ya Kikisii aliisoma kwa kidole, na jedwali la kuzidisha alilijua lote kwa sababu ya kuhesabu miche kwa mistari. Mkewe aliitwa Bathsheba. Kati ya watoto wao sita niliwajua wawili tu: Mogaka, kifungua mimba, aliyekuwa fundi seremala, na Drusilla, kitinda mimba, aliyekuwa darasa la saba nilipofika.

Nami nilifika Januari mwaka 1969, kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa juu kidogo ya shamba lake. Baba yangu alikuwa Mjaluo mfanyakazi wa reli, na nilizaliwa Nairobi katika nyumba za reli, ambako lugha ya uani ilikuwa Kiswahili na mila za kila kabila zilibaki kwenye masanduku chini ya vitanda. Nalisema hili si kwa kujitetea. Nalisema kwa sababu kwa muda mrefu niliamini kwamba kutokuwa na kwao ndiko kuona vizuri.

Mwaka uliotangulia, watoto thelathini na mmoja wa shule ile walifanya mtihani wa darasa la saba, na wawili tu wakapata nafasi ya kidato cha kwanza. Katika darasa nililolikuta, Drusilla alikuwa wa kwanza katika hesabu. Hata hivyo mjomba wake alikuwa amekwisha kumpatia mchumba upande wa Kenyenya, mtu mwenye ng'ombe tayari malishoni. Ondieki alikuwa amesema mbele ya jamaa zake: akifaulu, ataendelea na shule, akianguka, mimi sina neno tena. Kila mtu kwenye mteremko ule alilijua jambo hilo, na mimi nililijua.

Watoto walisomea wapi nyumbani? Hawakuwa na mahali. Wakitoka shuleni walichuma chai, wakachunga, wakaingia jikoni penye moshi, wakalala. Kwa hiyo niliwaita wazazi nikawapa mpango. Kila Jumapili alasiri, Wasabato wakiwa huru na Wakatoliki wakiwa wametoka misa, watoto wa darasa la saba wangekusanyika katika nyumba moja yenye mwanga wa kutosha, na kila juma mzazi mmoja angeketi nao ndani kwa saa mbili. Mwalimu angefundisha; mzazi angeona. Nilitaka mzazi aone kwa macho yake mtoto wake akipambana na swali, ili siku ya Jumatatu asimzuie kwa sababu ya chai.

Nyumba nilikwisha kuichagua. Ilikuwa ya Mogaka. Ilikuwa na miaka miwili, mabati mapya, madirisha mawili ya vioo, na meza ndefu aliyoitengeneza mwenyewe. Mogaka alikubali papo hapo, akafurahi hata. Mkewe, Abigael, akasema ataongeza mabenchi.

Ondieki, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule, alinyanyua mkono.

"Mwalimu, nyumba ya Mogaka ni nzuri sana. Lakini hata kanisa iko na paa."

"Kanisa la nani, Mzee? Nikiwapeleka kwa Wasabato, Wakatoliki watalalamika. Nikiwapeleka kwa Wakatoliki, wewe utalalamika."

Watu wakacheka. Ondieki akacheka pia.

"Na hapa shule?"

"Hapa nyasi za paa zimeoza, Mzee. Mvua ikinyesha tunafundishia mlangoni."

Akatazama chini, akaketi. Nilikichukua kimya chake kuwa ridhaa. Wazee wengine wa ukoo wao walitazamana, mmoja akakohoa, na mkutano ukaisha kwa sala.

Jumapili za kwanza zilinichanganya. Akina mama walikuja kwa zamu zao bila tatizo. Waliingia, wakaketi, wakafuma vikapu huku wakisikiliza. Baadhi ya akina baba pia waliingia, nao walikuwa wale waliotoka koo nyingine, walionunua ardhi pale. Lakini zamu ilipomwangukia mzee wa ukoo wa Ondieki, aliishia uani. Angefika kwa wakati, amevaa koti lake la kanisani, angewasalimu watoto kupitia dirishani, kisha angesimama karibu na rundo la kuni kwa saa mbili nzima. Ondieki mwenyewe hakungoja zamu. Alikuja kila Jumapili, na kila Jumapili alisimama pale pale.

"Mzee, karibu ndani."

"Niko sawa hapa, mwalimu."

"Mvua inakuja."

"Mvua ya hapa inanijua. Tulikua pamoja."

Watoto walicheka hadi Drusilla akaficha uso kwa daftari. Mvua ilikuja kweli. Ondieki alijifunika gunia kichwani, akabaki. Kisha, nilipoanza hesabu, sauti yake ikapenya dirishani.

"Waulize saba mara nane!"

"Hamsini na sita!" watoto wakapiga kelele.

"Drusilla peke yake!"

"Hamsini na sita, tata!" akamwita baba yake kwa Kikisii.

"Kumi na mbili mara kumi na tatu!"

Watoto wakaanza kuhesabia vidole. Nikiri kwamba hata mimi nilihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Mia moja hamsini na sita," akasema mzee kutoka chini ya gunia. "Mwalimu, hawa watoto hawajapanda miche ya kutosha."

Ukiniuliza leo, nitasema huyo ndiye mzazi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe. Siku ile sikumwona hivyo. Niliona mtu anayefanya mzaha na mpango wangu. Nilimwuliza mwalimu mwenzangu, Angwenyi, kijana wa pale pale aliyefundisha darasa la tano na kunisaidia Jumapili.

"Kwa nini haingii?"

"Mwache tu, mwalimu. Yule ni baba ya nyumba."

"Kama ni baba wa nyumba, kwa nini asiingie nyumbani?"

Angwenyi alicheka kidogo, akatazama viatu vyake. "Hiyo ni maneno ya nyumbani."

"Amegombana na Mogaka?"

"Hapana! Wanapendana sana."

"Hapendi binti asome?"

"Anataka kuliko wewe."

"Basi ni nini?"

"Mwalimu," akasema, na sasa hakucheka, "si tuwapeleke watoto mahali pengine?"

Ilinipasa kumsikiliza. Badala yake nilifungua daftari la kumbukumbu za shule nikaandika: Akina baba hawashirikiani, hata mwalimu mwenyeji anawatetea.

Mwezi wa Julai ofisa wa elimu alisikia habari za Jumapili zetu, akatuma neno kwamba angekuja kuona. Nilipata hofu ya mtu anayetarajia kusifiwa. Nilitaka ofisa aone akina baba ndani, wameketi na watoto wao, kama nilivyoeleza katika barua. Nikatangaza kwamba mtoto ambaye baba yake hajaketi darasani kufikia mwisho wa Julai angeondolewa katika kundi la Jumapili. Sikumfikiria Drusilla nilipolitamka. Au pengine nilimfikiria. Pengine nilijua kwamba yeye ndiye kamba pekee niliyoweza kumvutia baba yake. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu ninaloliamini.

Jumapili hiyo ya mwisho ofisa aliketi kwenye kiti cha Mogaka, mbele. Ondieki alikuwa kwenye kuni zake. Nilitoka nikamwendea, nikamshika mkono.

"Mzee, leo utaingia."

"Mwalimu, nasikia vizuri hapa."

"Leo utaingia, au Drusilla atatoka."

Aliutazama mkono wangu juu ya wake. Hakuuondoa.

"Umesema atatoka?"

"Nimesema."

"Mtihani ni Novemba."

"Ninajua mtihani ni lini, Mzee."

Alivua kofia. Kisha akaita, "Mogaka!" na Mogaka akaja mlangoni. Walisema maneno machache kwa Kikisii, mzee akitazama ardhi, mwana akitazama juu ya kichwa cha baba yake. Sikuelewa hata neno moja. Nilichoona ni kwamba Mogaka aliuma midomo na kusogea kando, na kwamba Abigael, aliyekuwa ndani akiwapa watoto ndizi za kuchemsha, aliweka sufuria chini, akamchukua mtoto wake mchanga, akatokea mlango wa nyuma kuelekea migombani.

Ondieki aliingia. Alikaa kwenye ncha ya benchi karibu kabisa na mlango, kofia magotini, macho kwenye sakafu. Kwa saa mbili hakuyanyanyua. Nilimwuliza Drusilla saba mara nane, na Drusilla, wa kwanza katika hesabu, alisema sitini na tatu. Hakuna aliyecheka.

Ofisa alinipongeza. Alisema alikuwa hajaona jambo kama hilo katika wilaya nzima. Usiku huo sikuwa na mashaka yoyote, jambo ambalo kwangu ni nadra, na labda lingetosha kuniamsha.

Jumapili iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mogaka na mkewe walikuwa wamehamia jikoni kwa Bathsheba.

"Nyumba inatengenezwa, mwalimu," Mogaka aliniambia.

"Imeharibika nini?"

"Vitu kidogo."

Juma la pili nyumba haikuwa na paa. Juma la tatu haikuwa na kuta. Nilimwona Mogaka akijenga nyingine upande wa pili wa migomba, tena ya nyasi. Nilisimama njiani nikitazama, nikashindwa kupata maana yoyote. Mtu anatoka kwenye mabati anarudi kwenye nyasi? Nilidhani ameyauza. Nilidhani labda ana deni, labda anakunywa kwa siri. Nilimwuliza Angwenyi, naye akajibu, "Anajenga upya, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenzake anyamaze.

Kundi letu sasa halikuwa na mahali, na miezi mitatu tu ilikuwa imebaki. Ndipo Ondieki alipokuja ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuketi.

"Mwalimu, kuna banda la kununulia chai. Jumapili hakuna kununua. Nimeongea na karani."

"Litafaa?"

"Iko na paa. Haina ukuta. Mwangaza ni mwingi."

Tulihamia bandani. Na hapo ndipo mambo yaliponichanganya zaidi, kwa maana Jumapili ya kwanza tu akina baba wote walikuja. Waliketi katikati ya watoto, juu ya meza za kuchambulia majani, wakabishana kuhusu sehemu na desimali, wakawacheka watoto wa wenzao na kuwatetea wa kwao. Mzee mmoja ambaye zamu zake zote alisimama kwenye kuni alinyang'anya chaki mkononi mwangu. Ondieki aliketi mbele kabisa.

"Saba mara nane!" alisema siku ya kwanza.

"Hamsini na sita, tata," Drusilla alijibu polepole, na mzee akapiga meza kwa kiganja.

Mimi nilijieleza hivi: amri yangu imezaa matunda. Ndivyo nilivyoandika katika daftari, na miaka mitano baadaye katika ukurasa wa tisa.

Drusilla alifaulu, yeye na wenzake kumi na mmoja. Mjomba aliambiwa awashukuru wenye ng'ombe wa Kenyenya na kuwaaga. Januari iliyofuata Ondieki alimsindikiza binti yake bwenini, sanduku la mbao la Mogaka kichwani pake mwenyewe, na wanaume wa njiani walimtania kwamba amegeuka bibi harusi. "Mimi ndiye ninaolewa na shule," aliwajibu. Mwezi huo huo kamati iliezeka upya darasa la saba. Mabati yaliletwa asubuhi moja nikiwa mjini Kisii kufuata vitabu. Nilirudi nikakuta paa limekamilika. Mabati yalikuwa mazuri lakini hayakuwa mapya, yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na Ondieki alikuwa juu ya ngazi akiziba matundu kwa lami. Nikalalamika kwamba wazazi wa shule inayofaulisha wanaleta vitu vilivyokwisha kutumika.

"Yatavuja kidogo tu, mwalimu," alisema toka juu. "Kidogo tu."

Yalivuja kidogo. Nilifundisha chini yake hadi mwaka 1972, nilipopata nafasi ya chuo kikuu.

Aliyenifungua macho alikuwa mwanafunzi mwenzangu aliyeitwa Nyangate, mtoto wa Nyamira, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Aliomba kuisoma insha baada ya kusahihishwa. Alipofika ukurasa wa tisa akauliza, "Mzee Opondo, hii nyumba ilikuwa ya nani?"

"Ya mwanawe."

"Mwana ameoa?"

"Alikuwa ameoa."

Aliweka karatasi chini. "Na wewe ukamwingiza?"

Ndipo akanieleza. Mgusii, yaani Mkisii, hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mle mna kitanda cha mwana na mkewe, na kati ya kizazi kimoja na kinachokifuata kuna heshima na haya ambavyo wao huviita kwa jina moja, chinsoni. Ndugu za baba wamo katika sheria hiyo hiyo. Mama hayumo kwa namna hiyo. Mgeni wa ukoo mwingine hayumo. Na hakuna mtu mwenye adabu angeweza kumweleza mgeni habari za kitanda mbele ya watoto, ndiyo maana Angwenyi alitazama viatu.

"Na baba akiingia, hutokea nini?"

"Inategemea unamwuliza nani," alisema Nyangate. "Wazee watakuambia kondoo achinjwe. Baba yangu ni mzee wa kanisa, atakuambia sala. Nyanya yangu atakuambia hakuna dawa."

Nilikwenda kwa mama yangu likizo hiyo nikamsimulia kama ajabu ya watu wengine. Aliniacha nimalize. "Na baba yako," akauliza, "aliwahi kuingia kwako tangu uoe?" Kwa miaka tisa baba alikuwa amenisalimu mlangoni na kuondoka, na kwa miaka tisa nilidhani hampendi mke wangu.

Mwaka 1975 nilikwenda Gesima. Nilimkuta Ondieki kitaluni akimwagilia miche, mgongo umepinda. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yakanitawanyika.

"Uliponishika mkono," aliniambia akicheka, "ulinishika kama polisi."

"Ungeniambia, Mzee."

"Ningekuambia nini? Mogaka ndani, Drusilla nje, na wewe katikati na ofisa wako." Akamwagia mche mwingine. "Lile la kusema sitini na tatu ndilo liliniumiza. Nikajua, huyu akikaa hapa ataanguka. Ndiyo nikaenda kwa karani."

Nilimwuliza kama alinikasirikia. Alisema chai ya mwaka huo ilikuwa nzuri. Sijui hadi leo kama hilo lilikuwa jibu. Alifariki mwaka 1977, na habari zilinifikia baada ya mazishi.

Mwaka jana nilikutana na Drusilla mjini Kisii, katika semina ya walimu. Yeye sasa anafundisha Nyaramba. Tulizungumza juu ya baba yake, kisha nikauliza, kwa mzaha, kama paa la darasa la saba bado linavuja.

"Bado," alisema. "Kwani mwalimu hukujua lilitoka wapi?"

Nikamwambia kamati haikunieleza.

Akaniambia kwamba Abigael alikataa kulala tena chini ya mabati ambayo baba mkwe alikaa chini yake, na kwamba Mogaka alitaka kuyauza, lakini mzee akakataa, akasema shuleni baba na watoto wanaweza kukaa chini ya paa moja bila kosa. Mabati yote ishirini na mawili niliyofundisha chini yake kwa miaka mitatu, na kuyalalamikia, yalikuwa ya nyumba ya Mogaka.